Kapi vamizi: kwa nini nyavu pekee haziwamalizi

Kila inapozuka habari ya samaki vamizi aina ya kapi, swali la kwanza huwa lilelile: si wavuliwe tu? Samaki ni chakula, wavuvi wapo, nyavu zipo. Swali hilo ni la haki kabisa, na limewashughulisha watafiti wa Marekani na Australia kwa miongo kadhaa. Ugumu wa kulijibu unatokana na mambo mengi yanayotiwa chungu kimoja: samaki tofauti wanaoitwa kwa jina moja, maziwa yaliyotulia na mito iendayo kasi, na tofauti kubwa iliyopo kati ya kuwapunguza samaki na kuwazuia wasiongezeke.

Tuanze na uzazi, maana hapo ndipo hesabu inapowashinda wengi. Jike mkubwa wa kapi wa kawaida, Cyprinus carpio, anaweza kubeba mayai milioni moja na zaidi, na huishi miaka mingi. Ili idadi ya kapi isipungue, kila jike anahitaji watoto wawili tu wafikie umri wa kuzaa katika maisha yake yote. Kwa hiyo kinachoamua hatima ya ziwa ni yale yanayoyapata mayai na vifaranga katika wiki za mwanzo; wingi wa wazazi una uzito mdogo sana. Ukiwatoa nusu ya wazazi, mayai yanayobaki bado ni mengi kupita kiasi. Tena wazazi waliosalia hupata chakula cha kutosha, hunenepa na hutaga zaidi. Watafiti waliotengeneza modeli ya hesabu kuhusu jamaa zake, kapi wa fedha na kapi wa kichwa kikubwa, katika Mto Illinois wa Marekani, matokeo yao yakachapishwa mwaka 2013, waliona kwamba ili uvuvi peke yake uwaporomoshe samaki hao ingebidi kuvua takriban asilimia 70 yao kila mwaka, wakubwa kwa wadogo. Wavuvi wa kawaida hawafanyi hivyo. Wanafuata samaki wakubwa wenye bei na kuwaacha wadogo waendelee kukua, na hakuna wa kuwalaumu, kwa kuwa wanatafuta riziki.

Hata hivyo si kila kapi ana tabia moja. Kapi wa kawaida aliletwa Marekani kwa mpango wa serikali, akatolewa Ujerumani mwaka 1877, enzi ambazo Spencer Baird aliongoza Tume ya Samaki ya nchi hiyo. Alipokewa kama neema: anakua haraka, anavumilia maji machafu, na wabunge walikuwa wakiomba vifaranga wawapelekee wapiga kura wao. Wengine wanne, wanaoitwa kwa pamoja kapi wa Asia, walikuja baadaye kutoka Asia Mashariki. Kapi mla nyasi aliletwa mwaka 1963 kwenye vituo vya Alabama na Arkansas ili apunguze magugu ya majini. Kapi wa fedha na kapi wa kichwa kikubwa waliingia Arkansas mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa matumaini kwamba wangesafisha maji ya mabwawa ya kufugia samaki. Kapi mweusi, mwenye meno ya kooni yanayoponda magamba, alitakiwa awale konokono wanaobeba vimelea. Wote walitoka nje ya mabwawa, na bonde la Mississippi likawapokea.

Madhara yao nayo yanatofautiana. Kapi wa kawaida hula akichimbua tope la chini: anavuta tope mdomoni, anachuja wadudu na mbegu, analitema lililobaki. Samaki mmoja hana neno. Wakiwa wengi, mimea ya majini hung'oka, fosforasi iliyokuwa imelala kwenye tope hupanda majini, mwani hustawi, na ziwa lililokuwa angavu huwa la rangi ya chai ya maziwa. Utafiti uliofanywa kwenye maziwa ya Hennepin na Hopper katika jimbo la Illinois ulionyesha kwamba uharibifu wa mimea huanza kuonekana wazi kapi wanapofikia kama kilo 100 kwa kila hekta ya maji. Takwimu hiyo imekuwa ya msaada mkubwa, kwa sababu inawapa wasimamizi lengo linalofikika. Hawalazimiki kumtafuta kapi wa mwisho. Wanachohitaji ni kuwashusha chini ya kiwango hicho na kuwazuia wasipande tena.

Kapi wa fedha na yule wa kichwa kikubwa hawagusi tope. Wao huchuja planktoni, vile viumbe vidogo ambavyo karibu kila kifaranga cha samaki wa asili hutegemea anapoanza maisha. Katika Mto Illinois, baada ya hao kuongezeka, watafiti walikuta samaki wa asili wanaokula chakula hichohicho wamekonda kuliko walivyokuwa zamani. Kapi wa fedha ndiye anayejulikana zaidi kwa umma, kwa kuwa anaposhtushwa na mngurumo wa injini ya boti huruka juu ya maji hata kufikia mita tatu, na waendesha boti wameumizwa usoni na kifuani na samaki wa kilo kadhaa anayetua bila taarifa.

Sasa twende kwenye maziwa ya Minnesota, ambako kwa maoni yangu ndiko ulikofanyika utafiti wa maana kuliko wote kuhusu kapi wa kawaida. Peter Sorensen na Przemek Bajer wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikabiliwa na fumbo: maziwa mawili yamekaa jirani, yote yana kapi wakubwa, lakini moja linajaa kapi wadogo na jingine halina hata mmoja. Wakachukua yale mawe madogo ya sikioni mwa samaki, ambayo huongeza pete kila mwaka jinsi shina la mti linavyofanya, wakahesabu umri wa kapi mmojammoja. Walichokikuta ni kwamba kapi hawazaliani kwa mafanikio kila mwaka. Katika mfumo mzima wa maziwa, samaki wengi walikuwa wamezaliwa katika miaka michache tu.

Miaka hiyo ilikuwa na nini? Jibu lilitokana na majira ya baridi. Minnesota ina vidimbwi na vinamasi vifupi vya kina vilivyounganishwa na maziwa makubwa. Baridi inapokuwa kali, barafu na theluji hufunika vidimbwi hivyo, mwanga haupiti, oksijeni inakwisha, na samaki waliomo hufa. Miongoni mwa wanaokufa ni blugili, Lepomis macrochirus, samaki mdogo mpana wa asili ya huko, ambaye kumbe ni mlaji hodari wa mayai na vifaranga wa kapi. Masika yakifika, kapi wazima waliojihifadhi kwenye ziwa lenye kina hupanda kwa mamia kupitia vijito, wakaingia kwenye kidimbwi ambacho mlinzi wake amekufa, wakataga. Mayai yanayoliwa karibu yote kwenye ziwa lenye blugili hapo hupona kwa wingi, kisha vifaranga wakikua hurudi ziwani.

Tazama jinsi ugunduzi huo unavyoligeuza tatizo. Mtu aliyekuwa akivuta nyavu ziwani mwaka baada ya mwaka alikuwa akitwanga maji kwenye kinu, kwa sababu kiwanda cha kapi hakikuwa ziwani hata kidogo. Kilikuwa kwenye kidimbwi cha juu ambacho hakuna aliyekijali. Ukiweka pampu ya hewa kidimbwini ili blugili wasife wakati wa barafu, au ukaweka wavu wa chuma kwenye kijito kapi wasipande, umeziba chanzo. Baada ya hapo ndipo uvuvi unapopata maana, kwa kuwa unayemtoa haji kuchukuliwa nafasi na mwingine.

Na kuwatoa nako kuna ujuzi wake. Wakati wa baridi kapi wa kawaida hujikusanya chini ya barafu kwa makundi makubwa sana, yaliyoshikana, sehemu moja ya ziwa. Ukijua sehemu hiyo, umewapata. Watafiti wakawapandikiza kapi wachache vifaa vidogo vya kutoa ishara za redio, wakawarudisha majini na kuwaacha waende kwa wenzao. Njia hii wanaiita mbinu ya Yuda, na jina limeshika, maana samaki huyo huwasaliti ndugu zake bila kujua. Wavuvi hutoboa matundu kwenye barafu kulizunguka kundi, hupitisha kamba kutoka tundu hadi tundu, kisha huvuta juya kubwa chini ya barafu. Katika maziwa ya majaribio mvuto wa namna hii uliondoa zaidi ya nusu ya kapi wote, na penginepo zaidi ya asilimia 90. Kwa majira ya joto kuna mbinu nyingine: kumwaga mahindi sehemu moja kila siku. Kapi hujifunza upesi, huja usiku kula, ilhali samaki wengi wa asili hawana habari na mahindi. Wavu uliolazwa chini huinuliwa ghafla usiku wakiwa wamejaa. Kutokana na tabia hiyo limezaliwa wazo la tembe za mahindi zenye sumu ya antimisini ndani yake, zinazomlenga kapi mwenyewe badala ya kutia sumu ziwa zima.

Tasmania, jimbo la kisiwa nchini Australia, ilichukua mkondo mkali zaidi. Kapi walipoonekana katika Ziwa Crescent mwaka 1995, na kisha katika Ziwa Sorell lililounganishwa nalo, serikali ya kisiwa iliamua kuwang'oa kabisa, kwa kuwa maji hayo hutiririkia mito ya chini na sehemu nyingine yote ya kisiwa haikuwa na tatizo. Maziwa yalifungwa kwa wavuvi wa burudani. Vichujio vikawekwa kwenye mifereji ya kutokea maji ili hata kifaranga asipite. Uzio ukajengwa kuzuia kapi wasifikie vinamasi vya kandokando, ambako hutaga kwenye majani yaliyofurika. Madume yenye redio yakatumika kama Yuda. Crescent ilimalizika mwaka 2007, baada ya kutolewa kapi zaidi ya 7,000.

Sorell ni kubwa zaidi, na yaliyotokea huko yanaeleza somo hili vizuri kuliko modeli yoyote. Mwaka 2009 maji yalipanda, vinamasi vikafurika, na wazazi wachache waliokuwa wamebaki wakafanikiwa kutaga. Kazi iliyokuwa karibu kwisha ikaanza upya, ikiwa na samaki wengi kupita waliokuwapo mwanzo. Kufikia mwaka 2022 kapi zaidi ya 40,000 walikuwa wamekwisha kutolewa Sorell, na uvuvi ulikuwa umegeuka wa kumsaka samaki mmojammoja. Miaka zaidi ya ishirini na mitano kwa maziwa mawili! Inawezekana, lakini inahitaji serikali isiyochoka, na inahitaji maji yenye mlango wa kufunga.

Mito haina mlango wa namna hiyo. Ndiyo maana kazi ya kapi wa fedha, wa kichwa kikubwa na mla nyasi inahitaji fikra nyingine. Samaki hawa hutaga kwenye mkondo, hasa mto unapofura baada ya mvua. Yai lao hufyonza maji na kuvimba, likawa zito kidogo tu kuliko maji yenyewe. Mkondo ukiwa na nguvu, yai huelea katikati na kusafiri mpaka lianguliwe, siku moja au mbili kutegemea joto. Mkondo ukilegea mapema, yai huzama, hufunikwa na tope na kufa. Kwa hiyo urefu wa mto usiokatizwa na ukuta wa bwawa, kasi ya maji na joto lake huweza kukuambia kama kapi watafanikiwa kuzaa humo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois pamoja na Idara ya Jiolojia ya Marekani wametengeneza programu ya kompyuta iitwayo FluEgg inayofuatilia safari ya mayai hayo kwa hesabu, tangu yanapotagwa hadi yanapoanguliwa.

Zamani iliaminika kwamba mto unapaswa kuwa na kama kilomita 100 za mkondo huru ndipo mayai yaokoke. Imani hiyo iliwatuliza watu waliotazama mito mifupi inayoingia Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Ndipo wakapatikana kapi wala nyasi wachanga katika Mto Sandusky wa Ohio, unaomwaga maji yake Ziwa Erie, mojawapo ya maziwa hayo. Kemia ya mawe yao ya sikio ilionyesha kuwa walizaliwa humohumo mtoni na kukulia humo, hawakutoroka bwawani kwa mtu. Mwaka 2015 mayai yenyewe yakapatikana. Sehemu ya mto waliyokuwa nayo wakati huo ilikuwa chini ya kilomita 30, kwa kuwa juu yake palikuwa na ukuta wa bwawa. Habari ilikuwa mbaya, ila iliwapa wasimamizi kitu cha kushika: wanajua mto gani, majira gani, na kwamba mto unapofura ndipo samaki wazima hukusanyika. Timu za uvuvi sasa hupangwa kwa kuangalia mafuriko hayo.

Mahali panapowatia watu hofu zaidi ni Chicago. Mwaka 1900 ulifunguliwa mfereji uliogeuza mwelekeo wa Mto Chicago ili maji machafu ya jiji yasiingie tena Ziwa Michigan. Kwa kuchimba hivyo, mabonde mawili makubwa ambayo maumbile yaliyatenga yaliunganishwa: Maziwa Makuu upande mmoja, Mississippi upande wa pili. Kapi wanaopanda Mto Illinois wanaelekea kwenye njia hiyohiyo.

Huko Romeoville, kilomita 60 hivi kutoka ziwani, Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani kimelaza vyuma chini ya mfereji na kupitisha umeme majini. Kizuizi cha kwanza kiliwashwa mwaka 2002, vingine vikafuata. Samaki anayeingia huanza kusumbuka, kisha hupooza, mkondo ukamrudisha chini. Tatizo liko kwenye ukubwa wa mwili: samaki mrefu hupatwa na tofauti kubwa ya volti kati ya kichwa na mkia, mdogo hupatwa na ndogo. Umeme unaomtosha kapi wa sentimita 60 unaweza usimtoshe wa sentimita tano. Na mfereji huo ni barabara ya matishari ya chuma. Tishari linapopita, chuma chake huvuruga umeme ulioenea majini, na ule uwazi kati ya tishari moja na jingine huwa na maji yanayosafiri pamoja nayo. Majaribio yalithibitisha kwamba samaki wadogo wanaweza kunaswa humo na kuvushwa hadi upande wa pili. Kizuizi kinafaa sana, lakini hakitoshi kikiwa peke yake.

Hapo ndipo ulipoingia ule utafutaji wa vinasaba majini. Kila samaki huacha chembe za ngozi, kamasi na kinyesi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Notre Dame walichota maji juu ya kizuizi, wakayachuja, wakakuta vinasaba vya kapi wa Asia. Vurugu ikazuka, majimbo yakafikishana hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwezi Desemba mwaka huohuo, kizuizi kilipokuwa kikifanyiwa matengenezo, mfereji ulitiwa sumu ya rotenoni kwa kilomita kadhaa. Samaki waliokufa walikuwa wengi mno, na kapi wa kichwa kikubwa aliyeonekana kati yao alikuwa mmoja. Mwingine alivuliwa mwaka uliofuata katika Ziwa Calumet, karibu kabisa na Ziwa Michigan, na mwaka 2017 akapatikana kapi wa fedha katika Mto Little Calumet. Kwa hiyo vinasaba havikusema uongo, lakini pia havisemi kila kitu. Chembe zinaweza kuletwa na kinyesi cha ndege, na sehemu ya chini ya boti, au na samaki aliyekufa siku nyingi. Nionavyo, watu wengi hukosea kwa kulichukulia jibu la maabara kama hesabu ya samaki. Ni king'ora cha kukuambia wapi pa kupeleka nyavu.

Kwenye Mto Illinois wenyewe uvuvi umezaa matunda, na inafaa kuelewa kwa nini, maana kwa haraka inaonekana kupingana na niliyoyasema mwanzo. Tangu mwaka 2010 jimbo hulipa wavuvi wa mkataba wavue kapi sehemu za juu za mto, na katika sehemu ya Dresden Island, iliyo chini kidogo ya kizuizi, wingi wa kapi umepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu mwaka 2012. Siri ni kwamba sehemu hizo za juu si mahali pa kuzalia. Samaki waliopo wamehamia kutoka chini. Ukiwavua kasi kuliko wanavyohamia, wanapungua kweli. Sehemu za chini, ambako kapi wanazaa, ni jambo jingine kabisa.

Kipande kinachofuata cha ulinzi kimepangwa katika bwawa la Brandon Road, karibu na mji wa Joliet, Illinois. Makubaliano kati ya Illinois, Michigan na wahandisi wa jeshi yalitiwa saini mwaka 2024, na gharama yake inazidi dola bilioni moja. Wazo lake ni kupanga vizuizi kadhaa kwa mfululizo kwenye njia moja ya meli: umeme, sauti, pazia la mapovu ya hewa ya kuwatoa vifaranga waliojificha kati ya matishari, na mtiririko wa kusukuma maji nje ya chumba cha kupandishia meli. Samaki anayevuka kimoja anakutana na kingine chenye udhaifu tofauti. Mantiki hiyo naiona ya haki, hasa ukishaelewa udhaifu wa umeme.

Sauti inastahili maelezo kidogo, kwa sababu inatumia siri ya mwili wa kapi. Jamii yake ina mifupa midogo inayounganisha kibofu cha hewa na sikio la ndani. Kibofu kinatetemeka sauti inapofika, mifupa inaupeleka mtetemo sikioni, na samaki anasikia sauti kali na nyembamba ambazo samaki wengi wengine hawazisikii. Watafiti wa Minnesota waliwapigia kapi wa fedha na wa kichwa kikubwa rekodi ya injini ya boti ndani ya bwawa, na kapi wakakimbia tena na tena upande wa pili, wakati mlio mmoja usiobadilika waliuzoea upesi. Kizuizi cha sauti na mapovu kilianza kujaribiwa katika bwawa la Barkley huko Kentucky mwaka 2019, na kingine cha sauti katika bwawa la Keokuk, Iowa, mwaka 2021. Mashaka yapo: kambare wa mito hiyo wana mifupa ileile, na baadhi ya samaki wengine wa asili pia, hivyo lazima ipimwe kama kelele haiwafungii nao njia. Hewa ya ukaa inayotiwa majini nayo huwakimbiza kapi; matumizi yake yaliidhinishwa na mamlaka ya mazingira ya Marekani mwaka 2019. Inakimbiza kila samaki bila kuchagua, kwa hiyo inafaa sehemu finyu na kwa muda mfupi.

Nimebakisha jambo linalobishaniwa kuliko yote. Katika mfumo wa mito ya Murray na Darling nchini Australia kapi wa kawaida wameenea mno, na kuna sehemu ambako wao ndio karibu uzito wote wa samaki waliomo. Walianza kusambaa miaka ya 1960, na mafuriko ya katikati ya miaka ya 1970 yakawatapanya kila kona. Huko kuna zana ndogo nzuri inayonivutia: kizimba kilichobuniwa na Alan Williams, kinachowekwa kwenye njia ya samaki pembeni ya bwawa. Kapi akizuiwa huruka. Samaki wa asili husukuma. Kizimba kina ukuta wa kurukwa unaomwangusha kapi kwenye chumba cha kunasa, na mlango wa kusukumwa unaomwachia mwenyeji aendelee na safari. Hakihitaji umeme wala sumu, ila kinafanya kazi pale tu palipo na njia ya samaki.

Mwaka 2016 serikali ya Australia ilitenga dola milioni 15 za nchi hiyo kuchunguza kama virusi vya hepesi vya kapi viachiliwe mitoni. Virusi hivi viligunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 baada ya kuua kapi wa kufugwa Israeli na Ujerumani. Vinashambulia matamvua, ngozi na figo, na vinafanya kazi maji yanapokuwa kati ya nyuzi joto 16 na 28 hivi. Mpango wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba vingeweza kupunguza kapi kwa takriban asilimia 40 hadi 60 na kuwashikilia hapo kwa miaka kadhaa.

Hofu ya kwanza ni mizoga. Samaki wengi wakifa kwa pamoja katika maji ya joto yasiyokwenda, bakteria wanaoozesha miili humaliza oksijeni, na samaki wa asili waliokusudiwa kuokolewa hufa pia. Wakazi wa Menindee, kwenye Mto Darling, hawahitaji kuelezwa hayo: Machi 2023 samaki kwa mamilioni walikufa hapo kwa kukosa oksijeni, wengi wao wa asili, bila virusi vyovyote. Hofu ya pili ni kinga. Australia iliachilia ugonjwa wa miksoma dhidi ya sungura mwaka 1950. Mwanzoni ulifyeka karibu kila sungura aliyeupata, kisha waliobaki wakazaa wenye ustahimilivu, na ugonjwa wenyewe ukapungua ukali. Hepesi nazo hujificha mwilini mwa aliyepona na kuamka baadaye, jambo ambalo watetezi wa mpango wanaliona faida, kwa kuwa kapi wanaokusanyika kutaga wangeambukizana upya kila mwaka.

Mimi naungana na wanaotaka subira, kwa sababu ileile ya Minnesota. Virusi ni mvuto mmoja mkubwa wa juya. Baada yake wanabaki wazazi wachache wenye kinga, mto wenye chakula tele, na tambarare zinazofurika kila maji yapandapo, zikiwa na samaki wa asili wachache wa kula mayai. Mafuriko ya mwaka 2022 pekee yaliwaongeza kapi wa bonde hilo kwa kiasi kilichoshangaza hata wavuvi wazee. Anayetaka kuachilia virusi aonyeshe kwanza jinsi atakavyoyazuia mazalio hayo katika masika mawili matatu yatakayofuata: njia zipi za kuingilia vinamasi zitawekewa vichujio, mabwawa yatafunguliwa lini na kwa kiasi gani, mizoga itaokotwa na nani kabla haijaoza. Uchunguzi kuhusu usalama wa virusi kwa viumbe wengine na kuhusu kuvisambaza mitoni haujafungwa, na uamuzi wa kuviachilia haujatolewa.